Goma: Supu ya kitunguu, fromaji ya Masisi na barabara inayoamua menyu

Restora ndogo za Goma zenye kupika Kifaransa zimepoteza wateja wao wengi tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025. Wafanyakazi wengi wa mashirika ya kimataifa waliondoka, benki zikafunga milango, na uwanja wa ndege ukanyamaza. Hata hivyo, kuna mapishi ambayo hayajazimika. Nilikula jioni moja katika mtaa wa Himbi pamoja na mama mdogo wangu, mzaliwa wa Masisi. Tulikwenda kwa ajili ya supu. Kilichotuweka mezani muda mrefu ni kipande cha fromaji.

Meza nane na ukuta wa mawe meusi

Ilikuwa siku ya posho, katikati ya mwezi wa kumi na moja, na mvua ilikuwa imenyesha tangu saa nane. Maji yalikuwa yanateremka kuelekea ziwa. Motari aliyetubeba alikataa kuingia mpaka mwisho wa kichochoro kwa sababu ya matope, basi tukamalizia kwa miguu. Mama mdogo alivua viatu vyake na kuvishika mkononi. Alisema hakununua viatu vya harusi ili vizame Himbi.

Restora hiyo haina kibao kikubwa barabarani. Ni nyumba ya zamani yenye ukuta wa mawe ya volkano, yale mawe meusi ambayo wakaaji wa Goma hujengea misingi, nyua na ngazi. Ndani kuna meza nane, kila moja na kitambaa chenye miraba myekundu na myeupe. Kwenye pembe kuna mbabula yenye makala, na haiko pale kwa kupika, ni kwa kuota moto. Goma iko karibu metre 1,500 juu ya bahari, na baada ya mvua ya jioni baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Redio ilikuwa inapiga rumba kwa sauti ya chini. Umeme ulikatika mara mbili tukiwa pale, na kila mara kijana anayehudumia meza aliwasha mishumaa bila kuharakisha, kama mtu aliyezoea.

Tulifika saa kumi na moja ya jioni. Zamani watu walianza kuingia saa moja ya usiku na kutoka saa nne au saa tano. Sasa wengi wanapenda kuwa nyumbani kabla giza halijakaza, kwa kuogopa wezi wenye silaha. Kwa hiyo restora imesogeza saa zake: inapokea wateja wa mwisho saa kumi na mbili, na saa mbili wapishi wanafunga jiko ili nao wafike kwao.

Mwenye nyumba ni mama Mkongomani wa miaka hamsini na kitu. Aliomba jina lake lisiandikwe, wala la restora yake, na tulikubali. Alijifunza kupika akiwa msichana, katika jiko la familia ya kigeni alikotumika kwa miaka mingi. Siku familia ile ilipoondoka, waliuza vyombo vyote. Yeye alinunua sufuria mbili za chuma kizito. Moja ya sufuria hizo ndiyo inayopika supu mpaka leo.

Mistari miwili iliyofutwa

Menyu yote iko kwenye ubao mweusi, imeandikwa kwa chaki. Kulikuwa na soupe à l'oignon, yaani supu ya kitunguu yenye mkate na fromaji juu. Kulikuwa na sambaza za kukaanga kwa limau, tilapia kwa siagi, steki na frite, na krepu kwa asali. Mistari miwili ilikuwa imefutwa, lakini alama ya chaki ilikuwa bado inasomeka: viazi vya tanuri kwa krimu, na sahani ya fromaji tatu.

Nilimuuliza mwenye nyumba kwa nini amefuta. Alianza kuhesabu kwa vidole. Krimu haikufika siku ile. Fromaji iliyofika ilikuwa moja tu, na aliamua kuiweka kwenye supu, kwa sababu supu ndiyo watu wanaifuata. Akasema kwamba kila asubuhi, kabla ya kushika chaki, anapiga simu tatu: kwa muuzaji wa fromaji, kwa mama wa mboga, na kwa mvuvi. Wakisha kumjibu, ndipo anajua atapika nini.

Nikatazama tena ule ubao. Majina ya chakula ni ya Ufaransa, lakini kila kitu kimetoka hapa jirani. Vitunguu, karoti na poro vinatoka Kibumba, chini ya Nyiragongo, ambako udongo wa volkano unazaa vizuri. Viazi ni vya Masisi na Rutshuru. Nyama ni ya ng'ombe waliolishwa kwenye milima ya Masisi. Samaki wanatoka ziwa Kivu, kutembea kidogo tu kutoka jikoni. Mkate unaokwa hapa mjini. Kinachovuka mpaka ni divai, mafuta na siki, na hivyo vinaingia kwa Barrière Kubwa kutoka Gisenyi, katika Rwanda.

Hata sambaza, ambazo sisi wote wa Goma tunaziita zetu, zililetwa. Zilitoka ziwa Tanganyika na kutiwa katika ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu ziwa letu lilikuwa na aina chache sana za samaki. Leo wavuvi wa pande zote mbili za ziwa wanaishi kwa samaki hao wadogo, na mtoto wa Goma hajui kama kuliwahi kuwa na ziwa bila sambaza. Kwenye sahani ya Kifaransa zinaletwa na limau na mayoneze. Nyumbani tunazila na bugali na pilipili. Samaki ni yuleyule.

Neno lenyewe lilikuwa jina la supu

Ni vizuri kukumbuka kwamba hata neno hili, restora, lilianza kama jina la mchuzi. Katika Paris ya karne ya 18, "restaurant" ilikuwa supu ya mifupa na nyama iliyochemshwa muda mrefu, iliyouzwa kwa watu dhaifu ili iwarudishie nguvu. Katika miaka ya 1760 maduka ya supu hiyo yalianza kupokea watu kwenye meza ndogo, kila mtu na sahani yake. Baadaye jina la supu likahamia kwenye nyumba.

Karne mbili na nusu baadaye, mwezi wa kumi na moja 2010, UNESCO iliandika mlo wa sherehe wa Wafaransa kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu usioshikika. Walichokiandika hakikuwa chakula kimoja. Ni desturi ya kukaa pamoja kwa utaratibu: kinywaji cha kufungua hamu, chakula cha kuanzia, kisha samaki au nyama na mboga, kisha fromaji, kisha kitu kitamu. Mwezi wa kumi na mbili 2021, rumba ya Congo nayo iliingia kwenye orodha hiyohiyo. Jioni ile katika Himbi, vitu hivyo viwili vilikuwa chumba kimoja, na hakuna aliyeshangaa.

Ukiangalia utaratibu ule, utaona kwamba fromaji ina nafasi yake kamili, kabla ya kitamu cha mwisho. Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki, restora ya Kifaransa inalazimika kununua fromaji kutoka mbali sana. Goma ilikuwa na bahati. Fromaji yake inatoka nyuma ya mlima.

Jinsi fromaji ilivyokuwa ya Masisi

 Fromaji ilikuja na Wabelgiji, walowezi na mapadri, waliokuta milima yenye majani mabichi, baridi na mvua ya kutosha, wakaona inafanana na milima ya Ulaya. Mwaka 1954 Watrapisti kutoka monasteri ya Scourmont, katika Ubelgiji, ile inayojulikana duniani kwa bia na fromaji ya Chimay, walifungua monasteri ya Mokoto katika Masisi. Wakoloni waliondoka, lakini ufundi ulibaki mikononi mwa Wakongomani. Mpaka leo wale wanaokamua, wanaochemsha na wanaokandamiza ni wakaaji wa kule, na wengi wanafanya hivyo kwenye vibanda vya mbao visivyo na umeme.

Mama mdogo anajua kazi hiyo. Akiwa mtoto alibeba maziwa kila asubuhi kutoka kwenye zizi la baba yake mpaka kwenye kibanda cha fromaji, bidoni moja kichwani na nyingine ndogo mkononi. Tulipokuwa tunangoja supu alinieleza, akichora kwa kidole juu ya kitambaa cha meza.

Maziwa yanapashwa moto kidogo tu, yawe vuguvugu kama ya mtoto. Yanatiwa dawa ya kugandisha. Baada ya nusu saa hivi yanakuwa kama uji mzito unaotikisika. Yanakatwa kwa kisu vipande vidogo, na maji yake yanamwagwa. Maji hayo yanapewa nguruwe na ndama. Kile kinachobaki kinatiwa kwenye vibati vya mviringo na kukandamizwa kwa mzigo mzito. Kisha kinalazwa kwenye maji ya chumvi. Kisha kinapangwa kwenye mbao, kinageuzwa mara kwa mara, kwa wiki kadhaa, mpaka ngozi yake inakauka na kuwa ya manjano. Kwa kilo moja ya fromaji zinahitajika karibu lita 10 za maziwa.

Fromaji hii inafanana na Gouda ya Uholanzi: ya mviringo, ya manjano, si kali. Congo nzima inaijua kwa jina la fromaji ya Goma, hata kama Goma haina zizi. Jina lilitokana na ndege. Kwa miaka mingi fromaji iliteremka kutoka Masisi juu ya lori, moto na hata tshukudu, ikafika Goma, na kutoka hapa ikapanda ndege kwenda Kinshasa. Abiria wengi walioruka kutoka Goma walikuwa na fromaji moja au mbili kwenye mizigo, zawadi ya ndugu wa mji mkuu.

Barabara

Vita viligusa kazi hii mapema. Mwaka 1993 mapigano ya kikabila yalianza Masisi, kisha vikaja vita vya 1996 na vya 1998. Ng'ombe waliibwa, walichinjwa, walihamishwa. Familia ya mama mdogo ilipoteza zizi lote wakati huo, na ndipo alipoteremka Goma. Baadaye wafugaji walirudi kidogo kidogo, na vibanda vya fromaji vikafufuka.

Katika miaka hii ya karibuni, kila tarehe ya vita imeacha alama kwenye soko la Goma. Mwishoni mwa 2022 mapigano yalifika Kibumba, na mboga za kule zikaadimika. Mwezi wa pili 2024 yalikuwa karibu na Sake, kama kilometre 25 tu kutoka hapa, na njia ya Masisi ikakatika; bei ya maharagi, viazi na makala ikapanda sokoni. Mwezi wa kwanza 2025 Masisi-kati na Sake zilianguka, na tarehe 27 ya mwezi huo waasi wa AFC/M23 waliingia Goma, mji ambao M23 ilikuwa tayari imeushika kwa siku chache mwaka 2012.

Mwenye restora anazisoma tarehe hizo kwa njia yake. Mwaka 2022 anaukumbuka kama mwaka wa supu bila poro. Mwezi wa pili 2024 ndio mwezi alionunua gunia la viazi, akafika nyumbani, akaketi juu yake na kulia. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 haukuwa na menyu kabisa. Alilala chini ya meza na watoto wake siku kadhaa, na meza moja hadi leo ina tundu la risasi kwenye mguu. Hakuibadilisha. Aliigeuzia ukutani.

Siku hizi magari yanapita tena kutoka Sake na kutoka Kibumba, lakini huko juu Masisi mapigano hayajaisha, na njiani kuna vizuizi vya kulipa. Mvua za mwezi wa kumi na moja nazo zinaharibu barabara. Muuzaji wa fromaji akikaa siku mbili kwenye matope, fromaji haiharibiki, lakini gharama ya gari inapanda. Na kama mfugaji ana haraka ya kupata feza kabla hajakimbia tena, anauza fromaji ambayo haijakomaa. Jambo hilo lilikuwa linatungoja mezani bila sisi kujua.

Feza na wateja

Tatizo lingine la restora ndogo ni feza mkononi. Benki za Goma zilifungwa mwezi wa kwanza 2025. Mwezi wa nne mwaka huo, AFC/M23 ilifungua tena CADECO, lakini benki za biashara zilibaki zimefungwa. Watu wanaishi kwa feza za simu, na kwa noti ambazo zimechoka mpaka picha haionekani. Mteja anaweza kuwa na feza kwenye simu na akose noti ya kulipa motari.

Uwanja wa ndege nao ulifungwa wakati wa mapigano yale. Tarehe 30 mwezi wa kumi 2025, kwenye mkutano uliofanyika Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba utafunguliwa kwa ndege za misaada. AFC/M23 ilikataa uamuzi uliochukuliwa bila wao. Kwa restora hizi ndogo, uwanja ule ulikuwa mlango wa wateja. Wafanyakazi wa mashirika, wageni wa mikutano, wafanyabiashara wa Kinshasa, wote walitua pale. Hata bia imekuwa shida: mwezi wa sita 2025 kampuni ya Heineken ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa majengo yake ya Goma na Bukavu na kuondoa wafanyakazi wake.

Basi ni nani anayekula supu ya kitunguu leo? Jioni ile niliona meza nne zenye watu. Kwenye moja walikuwa mume na mke waliovaa vizuri, wakisherehekea mwaka wa ndoa. Kwenye nyingine, vijana watatu wenye kompyuta, waliagiza frite na chai tu. Kwenye ya tatu, mzee mmoja peke yake, na kijana wa meza alimletea supu kabla hajaagiza. Ya nne ilikuwa yetu. Wote tulikuwa wakaaji wa Goma. Mwenye nyumba aliniambia kwamba zamani alisikia Kifaransa na Kiingereza kwenye meza zake. Sasa anasikia Kiswahili, na ameanza kuandika upande mmoja wa ubao kwa Kiswahili.

Wateja hao wapya wanalipa kidogo, na amepunguza bei. Wapishi na wahudumu walikuwa tisa, leo ni watano. Waliobaki wanalipwa nusu ya zamani, na wanabeba chakula kilichobaki. Amefikiria mara nyingi kuacha Kifaransa na kupika sombe, maharagi na bugali kama restora zingine za mtaa. Hesabu ingekuwa nyepesi. Lakini kwenye njia ileile kuna mama wengi wanaouza sombe nzuri kwa bei ambayo yeye hawezi, na hataki kuwanyang'anya wateja wao.

"Hii haikulala"

Supu ilikuja kwenye bakuli za udongo, moto sana, fromaji imeyeyuka na kushika ukingo. Kitunguu kilikuwa kimepikwa polepole mpaka kikawa cha rangi ya kahawia na kitamu. Mkate chini yake ulikuwa umelainika lakini haujavunjika. Kwa mtu aliyelowa mvua, hakuna dawa kubwa kuliko hiyo. Nilimaliza nusu kabla sijainua kichwa.

Mama mdogo alikuwa amesimama kwenye kijiko cha tatu. Alivuta uzi wa fromaji, akautazama, akauonja peke yake. Akamuita yule kijana.

— Mwanangu, hii fromaji imetoka wapi?

— Masisi, mama.

— Masisi ni kubwa. Masisi ya wapi?

Kijana hakujua. Alikwenda jikoni, na mwenye nyumba akatoka mwenyewe akipangusa mikono. Mama mdogo alimsalimia vizuri, akasifu supu, kisha akasema:

— Mama, nisamehe. Hii haikulala. Ina siku kumi, haizidi. Waliitoa mbichi.

Niliona aibu, nikifikiri tumemkosea mtu kwenye nyumba yake. Lakini yule mama alivuta kiti na kuketi. Alisema anajua. Alisema muuzaji alimuambia kwamba kule ilikotoka watu walikuwa wanafunga mizigo, na walitoa fromaji zote kwenye mbao, za zamani na za jana, kwa bei yoyote. Angezikataa, zingekwenda kwa mwingine, na mfugaji angekimbia bila kitu. Basi alinunua sita. Mbili amezitumia. Nne amezilaza mwenyewe, kwenye chumba cha nyuma, juu ya ubao, na anazigeuza kila siku.

Mama mdogo aliomba kuziona. Waliondoka wawili na mshumaa, na mimi nilibaki na supu zote mbili. Walikaa muda mrefu. Waliporudi walikuwa wanaongea kuhusu chumvi. Mama mdogo alikuwa amemuonyesha namna ya kupangusa ngozi kwa kitambaa chenye maji ya chumvi ili kuvu isiingie, na kumuambia asizipange karibu na mbabula. Yule mama alikuwa amemuuliza kama anaweza kupita tena siku ya tano.

Hesabu yetu ilikuwa dola 27: supu mbili, sambaza, steki moja ya kugawana, krepu na chai. Ni feza nyingi. Familia nyingi za Goma haziwezi kuzitoa kwa jioni moja, na mama mdogo alilisema wazi tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni. Nilimuuliza kama tulifanya vibaya kuja. Alifikiri kidogo. Akasema kwamba mtu aliyekimbia na fromaji yake mgongoni amelipwa, na vijana watano wamelala na kazi. Kwa jioni moja inatosha.

Ukitaka kwenda

Kwa msomaji anayetaka kula kwenye restora za namna hii, maneno machache. Piga simu asubuhi na uulize kuna nini. Usichague chakula ukiwa nyumbani. Fika mapema, kati ya saa kumi na saa kumi na moja, na panga motari wa kukurudisha kabla hujaketi. Uliza kama wanapokea feza za simu, na kama unalipa kwa dola, leta noti safi isiyopasuka, kwa sababu noti yenye tundu hawataipokea popote. Kama feza ni kidogo, agiza supu moja na mkate: watu wengi wanafanya hivyo na hakuna anayewatazama vibaya.

Na uliza fromaji imetoka wapi. Swali hilo linawafurahisha wenye jiko, na jibu lake litakupa habari ya barabara.

Siku ya tano iliyofuata, mama mdogo alirudi Himbi peke yake, kwa miguu, na kitambaa na pakiti ya chumvi ndani ya mfuko. Alinipigia simu jioni. Fromaji tatu zinaendelea vizuri, ya nne imepasuka kando na itabidi iliwe haraka. Hizo tatu zitakuwa tayari karibu na Noeli. Amenikataza kwenda kabla.